Thabeet alicheza chuo gani Marekani, na ile timu ni kubwa kweli au sifa tu?

Dogo wa Upanga:
Wakuu salama? Jana tumebishana kijiweni mpaka chai ikapoa. Mimi nasema Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu, kabla ya NBA (ligi ya kulipwa ya kikapu Marekani) alichezea chuo kikubwa kabisa cha kikapu kule Marekani, jamaa mmoja ananicheka eti UConn cha kawaida tu, vyuo vya kikapu ni Duke na Kentucky basi. Mwenye historia atusaidie, na je Thabeet alibeba ubingwa nao?

Mzee wa Ribaundi:
Mwambie huyo jamaa akulipie chai. UConn ni chuo kikuu cha Connecticut, kipo Storrs, shamba kabisa, kilianza 1881 kama shule ya kilimo na mpaka leo wana ng'ombe wao na aiskrimu wanatengeneza wenyewe. Kitaifa kwenye kikapu walikuwa hawatishi mtu. Kocha Jim Calhoun kafika 1986, msimu wa kwanza kashinda mechi 9 kafungwa 19, yani aibu. 1988 akabeba NIT, lile kombe la waliokosa nafasi kwenye mashindano makubwa, halafu 1990 ndo watu wakashtuka, imebaki sekunde 1 na Clemson wanaongoza kwa pointi moja, Scott Burrell anarusha pasi ya uwanja mzima, Tate George anadaka, anageuka, anatupia, imo! Siku mbili baadae Duke nao wakawatoa kwa mtindo huohuo wa dakika ya mwisho 😂 Deni lililipwa 1999, fainali ya ubingwa wa vyuo wamemfunga Duke huyohuyo 77-74, Richard Hamilton peke yake pointi 27.

Shangazi wa Kikapu:
Kwa Thabeet mwanangu hapo ulipigwa kidogo, ubingwa hakubeba. Alikaa pale 2006 mpaka 2009, katikati ya neema, maana 2004 walibeba na kina Emeka Okafor na 2011 wakabeba tena na Kemba Walker. Yeye aliishia nne bora 2009, Michigan State wakawatoa 82-73. Ila asikudanganye mtu, pale chuoni alikuwa ukuta, mwaka huohuo tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East aligawana na DeJuan Blair. Na alikuwepo ile mechi ya Syracuse iliyoenda vipindi vya nyongeza SITA, imeisha 127-117 saa saba na ushee usiku, wamefungwa lakini inasimuliwa mpaka kesho. Watu wanamcheka kwa sababu ya NBA tu, timu zilipochagua wachezaji wapya kachukuliwa namba 2 mbele ya Harden na Curry waliokuja kuwa manyota, sasa kosa lake hapo nini jamani, alijichagua mwenyewe?

Dogo wa Upanga:
Asante shangazi. Jamaa sasa kageuza, anasema basi baada ya Calhoun walikufa

Mzee wa Ribaundi:
Wamekufa wapi? Calhoun kastaafu 2012, msimu uliofuata wakafungiwa mashindano kwa ajili ya matokeo mabaya ya darasani, 2014 wamerudi na kocha Kevin Ollie wakabeba kwa kumfunga Kentucky 60-54. Kentucky wa jamaa yako huyo. Halafu kocha Dan Hurley kabeba 2023 na 2024 mfululizo. Hesabu ya ubingwa: hadi hapo UConn 6, Duke 5. Kentucky ana 8, huyo tumpe heshima yake.

Dogo wa Upanga:
Nimemtumia. Kasoma, hajajibu, na chai hajalipa