Binti amekubaliwa shule ya biashara ku Ubelgiji, franga ya kuonyesha tutatoa wapi?

Mama_Bikwembe, Lubumbashi
Jambo bandugu. Mi nauzishaka bikwembe ku soko, baba ya batoto alifariki. Binti yangu wa kwanza iko na miaka 18, amemaliza komersiyale (sekondari ya biashara) na 74%, na shule moja ya biashara ku Ubelgiji imemukubali, siku barua ilifika tulilia wote mu nyumba. Sasa banaomba tuonyeshe franga ya kuishi mwaka muzima ao mutu wa kusimama garanti. Mi niko na dola 4,000, zingine mu hizo zilitokea mu likelemba (kikundi chetu cha kuchangishana franga kwa zamu). Kuko mutu hapa mujini anasema nimupe 700 atamutafutia burse ya kulipa yote. Nimupe? Shule inangojea jibu mbele ya mwisho wa mwezi, munisaidie.

Yaya wa Katuba
Mama nakuomba, usimupe hata moja. Burse za serikali za kweli kama ile ya Uturuki ao Chevening ya Uingereza, kuomba ni bure kabisa. Mi nilimupa mutu 500, akaniletea barua iko na muhuri mwekundu muzuri sana, kisha nikaona jina langu limeandikwa na herufi zingine kuliko barua yote, njo nikajua, na simu yake haikuitika tena.
Kwa Ubelgiji, garanti anasaini karatasi inaitwa Annexe 32, na banaangalia mushahara wake wa kila mwezi, si nyumba wala gari. Kiwango kinapita euro 800 kwa mwezi, kwa mwaka ni zaidi ya 9,600. Kama hauna ndugu wa karibu mwenye mushahara wa kutosha, iyo 4,000 haitafika mama.

Kolwezi_85
Naongeza kitu kimoja juu najua mama atafikiria kukopa. Usikope franga ya kuonyesha tu. Mi niliomba viza ya Ufaransa, kule ni euro 615 kwa mwezi ni kusema 7,380 kwa mwaka, nikakopa kwa bajomba, zikaingia mu konti siku moja. Karatasi ya banki ilikuwa na mustari mumoja mukubwa, na juu yake miezi yote ni dola 20, dola 35. Banikatalia, na faida ya deni nililipa mwaka muzima. Ujerumani nako, shule nyingi za serikali hazilipishe masomo lakini banaomba euro 11,904 mu konti ya kufungwa (franga inatoka kidogo kidogo kila mwezi). Kila mahali ni ile franga ya kuishi njo inasumbua.

Dada_Nairobi
Shikamoo mama, pole kwa baba. Muandikie shule uombe imuwekee nafasi mwaka moja, shule zingine zinakubali. Kisha mutumie huo mwaka vizuri, juu kwa miaka yake kuko mlango mzuri: burse ya Uturuki, inafungukaka tarehe 10 mwezi wa kwanza mpaka 20 mwezi wa pili, kwa licence (digrii ya kwanza) lazima awe chini ya miaka 21. Inalipa masomo, mahali pa kulala, ndege, franga ya kila mwezi, na mwaka wa kujifunza Kituruki. Ingine ni burse ya Mastercard Foundation, iko ku chuo kikuu cha USIU hapa Nairobi na cha Ashesi kule Ghana, kote kuko biashara. Hao wanaangalia akili pamoja na uhitaji, kwa hiyo asifiche maisha yenu, aandike bikwembe, likelemba, nani analipa minerval (franga ya shule) ya badogo. Kingereza aanze leo.
Ulaya itamungojea kwa master. Burse ya ARES ya Ubelgiji inachukua watu ambao wameshamaliza licence, Chevening inaomba miaka 2 ya kazi, burse ya Eiffel ya Ufaransa ni shule njo inakuombea na hailipi masomo. Mikopo bila garanti kama MPOWER ni ya kusoma Marekani na Kanada, Prodigy ni ya master, zote ni deni kubwa, kwa sasa muache.

Mama_Bikwembe
Asante sana banangu. Yule mutu amepiga simu mara mbili leo asubui, nimemuambia hapana. Binti anaandikia shule sasa hivi. Ila ku diplome jina yake iko na “u” na ku paspoti haina, itasumbua?

Yaya wa Katuba
Itasumbua mama. Rekebisha mbele ya mwezi wa kwanza, anza na diplome, ile njo inachukua wakati.