Waya wa mkonga wa simu ya kuzungusha, nautambuaje wa kwake?

kisimani_tz: Wakuu habari za saa hizi. Nina simu ya mezani ya kuzungusha, nyeusi, ya marehemu babu, chini imeandikwa 706 halafu vinamba vingine vimefutika. Sasa ule waya wa kujikunja umepasuka ganda pale unapoingia kwenye mwili wa simu, ukiutikisa sauti inakata inarudi. Nimeenda Kariakoo nikauziwa waya wenye vile vichwa vya plastiki kama simu za siku hizi, kufika home hauna pa kuchomeka kabisaa. Nitafute wa aina gani? Au fundi akate tu aunge?

mzee_wa_reli: Usikate mdogo wangu!! 706 ni ya posta ya Uingereza, ilitoka 1959, haina tundu la kuchomeka. Fungua kava utaona kila uzi umeishia na kibati cha umbo la V kimebanwa na skrubu. Sasa hesabu nyuzi. 706 na mdogo wake 746 ziko nne, nyekundu, nyeupe, bluu na kijani, lakini zile za bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani) za nyuma zaidi kama 332 ni tatu na waya wake wa asili umesukwa kwa pamba, kwa hiyo ukimwambia muuzaji "nataka wa simu ya Mwingereza" hujamwambia kitu, mtajie namba. Na piga picha kabla hujalegeza skrubu hata moja.

dada_saketi: Naongezea, mtandaoni utaona wa Western Electric 500 ya Marekani nao una vibati na nyuzi nne, watu wanauziana hivyo hivyo. Angalia rangi, huo una nyekundu, nyeusi na nyeupe mbili. Umeme utapita ila kile kishikizo cha kuzuia waya usivutwe hakikai kwenye 706, ukivuta mkonga kidogo tu mzigo wote unaenda kwenye skrubu.

kitochi77: Kwani laini ya mezani bado unayo au pambo 😂

kisimani_tz: @kitochi77 niache na pambo langu bana. Wakuu nimefungua, nyuzi nne kweli, ya kijani imekatikia palepale kwenye kibati. Si nichomee risasi tu?

dada_saketi: Risasi haitashika. Ndani ni utepe mwembamba wa shaba umezungushiwa kwenye uzi wa nguo, ndo maana unavutwa miaka yote haukatiki, ukiuchoma uzi unaungua. Ila kama pamekufa mwishoni tu huna haja ya waya mpya, fupisha kidogo, bana kibati kipya kwa koleo, urudishe na kile kishikizo.

mzee_wa_reli: Hapo sawa. Ila fungua na pale pa kuongelea uangalie ncha za upande wa pili kabla hujafunga.

kisimani_tz: Upande wa pili mzima. Asanteni sana. Ule wa Kariakoo jamaa kagoma kurudisha hela, mwenye simu ya vichwa vya plastiki aje PM.