Naomba ushauri: wasiwasi kabla ya safari ya Muscat na familia

Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri kwa mliowahi kusafiri na familia nje ya nchi.

Desemba hii mimi, mume wangu, watoto wetu (miaka 9 na 4) na mama mkwe tunatoka Dar es Salaam kwenda Muscat kwa shangazi yake mume wangu. Tiketi zipo, pasipoti zina muda wa kutosha, kadi za homa ya manjano tunazo. Hakuna kilichopungua, ila usingizi sina. Naamka usiku kukagua nyaraka zilezile, moyo ukinienda mbio nikiwaza mtoto atapotea uwanja wa ndege, au mama atapandwa na presha angani. (Dawa zake nitazibeba begi la mkononi, na cheti cha daktari.)

Nimejaribu kuandika orodha, kuacha chai ya jioni na kusali kabla ya kulala. Mchana natulia, usiku hofu inarudi palepale.

Nyie wiki ya mwisho mlifanya nini hadi mkapata usingizi? Na huyu mdogo, ambaye sasa ananiuliza kama ndege huanguka, nimjibu vipi bila kumdanganya wala kumtia hofu?

Asanteni sana.