Afande wetu ameziona nywele za bibi yangu, na amezitangaza barazani

Enyi watu wa Mkomani na Langoni, naandika mikono ikinitetemeka kwa hasira. Yule bwana sina haja ya kumtaja, kwa kuwa nyote mnamjua, na mnakijua pia kile kidege chake, droni ya polisi, kinachovuma juu ya dari zetu kana kwamba Lamu nzima ni gereza naye ndiye bwana jela. Leo baada ya alasiri, mbele ya wazee waliokuwa wakinywa kahawa, aliniita kwa sauti ya mnadi wa samaki, akasema: "Kumbe bibi yako ana mvi kichwa kizima!"

Mvi kichwa kizima! Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta amezeeka bila kujua kama bibi ana nywele au hana, na nyumbani kwetu hata jua huomba ruhusa kabla ya kuingia kiwandani, yaani uani. Bibi alikuwa darini akigeuza ng'onda, ameuvua mtandio kwa joto, nyuma ya ukuta unaompita kimo. Wazee wetu walijenga daka, kibaraza cha mlangoni, ili mgeni akomee hapo, wakaipinda njia ya tekani, kiukumbi cha kuingilia, ili mpita njia asichungulie ndani, wakaweka wikio juu ya vichochoro ili wanawake wavuke nyumba hadi nyumba bila kushuka chini. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na nyumba hizo ni sehemu ya sababu. Leo afande ameziruka kuta zote hizo akiwa ameketi kitini na kikombe cha chai mkononi.

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo kutopekuliwa nyumba yake. Alikuwa akimtafuta mhalifu gani kati ya ng'onda? Hata hivyo, kuona ningeweza kukumeza. Kutangaza barazani, mbele ya wanaume, kwamba bibi ana mvi kichwa kizima, hakumezeki!

Mwana wa Langoni: Pole sana, ndugu yangu. Kwetu dada zangu sasa wanaanika nguo darini wakiwa na buibui na ushungi, na karibu watalala nazo. Kidege hicho kilisimama juu ya kiwanda chetu muda mrefu hata kuku wakaacha kutaga.

Nahodha Mstaafu: Mwanangu, bibi wa umri huo asipokuwa na mvi atakuwa na nini? Unalia kama mtoto aliyenyang'anywa kashata. Sisi tunaokumbuka mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, na miezi ya kafyu iliyofuata, wavuvi wakizuiwa kutoka usiku, tunaona heri droni. Isitoshe, kifungu cha 51 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinatoa msamaha kwa ajili ya usalama wa taifa.

Mwenye uzi: Shikamoo, mzee wangu. Mpeketoni naikumbuka vizuri, na waliouawa kule nawaombea mpaka leo. Lakini usalama wa taifa haumo kichwani mwa bibi yangu, na kama umo, kwa nini siri ya taifa imetangazwa kwenye kahawa?

Msomaji wa Mkunguni: Nchini Ufaransa, Mei 2020, mahakama ya juu ya mambo ya utawala iliwaamuru polisi wa Paris waache kutumia droni kusimamia masharti ya korona, kwa kuwa ziliweza kumtambulisha mtu na hapakuwa na kanuni ya kumlinda. Sisi tunangoja nini kwenda mahakamani?

Binti wa Shela: Nyinyi mnalia na polisi, nasi tunalia na wageni wa hoteli, ambao kila machweo wanarusha vidude vyao juu ya nyumba zetu, na ukiwauliza wanasema wanapiga picha za bahari. Bahari iko upande wa pili! Kanuni za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe na irushwe kwa idhini. Nani amewahi kumwona mgeni akiulizwa kibali?

Mtu wa Malindi: Heri yako, dada, wa kwako wanaonekana. Kwenye harusi ya shemeji yangu, wanawake wakicheza lelemama uani, droni ilipita juu yao, na hadi leo hatujui ni ya nani. Video imo katika simu za vijana wa mtaa mzima, na bibi harusi anakataa kutoka nje. Anayejua utaratibu wa kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data anieleze, tafadhali.

Binti wa Shela: Hata mimi nauhitaji. Je, video ikishasambaa wanaweza kuwalazimisha waifute?