Mtoto wangu anaitwa "kilulu" (mdudu) shuleni, nifanye nini?

Wapendwa, naomba ushauri. Tuko Lubumbashi, Katanga, huku Kongo; baba wa watoto ni Muluba wa Kasai. Kijana wetu wa darasa la tano wenzake wanamwita "kilulu". Sisi tuliokuwepo 1992 na 1993, Wakasai walipoitwa hivyo na kufukuzwa Katanga, tunalijua neno hilo. Watoto hawakulibuni, wamelisikia nyumbani kwao. Mwalimu ananiambia, "Mama, ni utani tu." Utani gani huo, mmoja anacheka, mwingine anakojoa kitandani?

Sheria ya 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, ila sitaki kumshitaki mtoto wa mtu. Nataka direkta wa shule aandike kilichotokea na aite wazazi. Nianze na barua kwake, au kamati ya wazazi? Mume wangu anasema tumhamishe. Mimi nakataa.