Tamthilia nne mezani, nafasi tatu: ipi tuiache?

pazia_jekundu
Wadau, shikamooni wakubwa, wengine mambo. Kikundi chetu hapa Mombasa kina waigizaji sita, taa nne na mfuko mwembamba. Msimu huu tunataka hadithi za mtu na mwenzake: mke na mume, wakwe, marafiki. Tumebakiwa na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, A Doll's House ya Ibsen wa Norway, ile ya 1879 kuhusu Nora anayemwacha mumewe, Betrayal ya Mwingereza Harold Pinter kuhusu penzi la wizi, na The Proposal, kile kichekesho kifupi cha Mrusi Chekhov cha posa. Za wageni tutazitafsiri wenyewe. Mnasemaje?

mwalimu_wa_zamu
Bembea isiguswe! Imesomwa sekondari Kenya nzima, shule zitakuja zenyewe. Halafu lile suala la Bunju kutotaka mama mkwe alale kwake, eti mila hairuhusu, ilhali mama ni mgonjwa na mkewe Neema ndiye anayemuuguza... darasani kwangu hapo hawasikilizani tena. Ila wahusika ni wengi kuliko sita. Wengine watavaa kofia mbili.

fundi_taa
Mimi naangalia kazi ya kubeba vitu. Nora ni sebule moja mwanzo hadi mwisho, raha tupu. Pinter ana waigizaji watatu na mhudumu wa mkahawa, lakini matukio ni tisa: baa, nyumba ya kupanga, hoteli ya Venice. Na yanarudi kinyumenyume, kutoka 1977 hadi 1968. Mwaka fulani tulihamisha seti gizani, sofa ikaniangukia mguuni. Sisemi zaidi.

bi_tunu
Pole kwa mguu, mwanangu. Mmesahau haki za mwandishi. Sheria ya Kenya inalinda kazi miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Ibsen alifariki 1906 na Chekhov 1904, hao hamdaiwi. Pinter ni 2008, lazima mlipe. Arege naye mwombeni ruhusa, msijifanye jirani. Tena mkitafsiri Nora kupitia Kiingereza, shikeni tafsiri ya zamani ya William Archer. Hizi za juzi zina wenyewe.

mwalimu_wa_zamu
Bi Tunu, Nora itapokewa kweli huku kwetu? Mama anafunga mlango na kuwaacha watoto watatu. Ukumbi utazomea.

bi_tunu
Na uzomee! Ujerumani 1880 mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe aligoma kucheza mwisho ule, akisema yeye hawezi kuwaacha wanawe. Ibsen akaandika mwisho mwingine kwa shingo upande, Nora akabaki, na mwenyewe akauita unyama. Msiulainishe ule mlango.

fundi_taa
Basi kianguke cha Chekhov. Nusu saa tu, nani atavuka Likoni kwa nusu saa?

bi_tunu
Hapana. Bwana amekuja kuposa, kabla hajalitamka neno wameshagombania kiwanja cha majani, halafu mbwa wa nani bora. Pwani hii ugomvi wa ardhi hauhitaji kufafanuliwa. Kiwekeni usiku mmoja na Pinter, ambaye naye si mrefu. Watu wacheke na posa, wapumzike, kisha waone penzi la wizi likianzia lilipokufa na kurudi hadi lilipozaliwa. Waigizaji ni walewale watatu, muongeze mhudumu tu.

pazia_jekundu
Hilo sikuliwaza kabisa. Basi Bembea ifungue shule zikiwa zimefunguliwa, Nora ifuate, na usiku wa mwisho uwe wa hizo mbili. Leo namwandikia wakala wa Pinter. Akitaja bei ya kutuvunja mgongo, posa itafuatwa na chai.

fundi_taa
Sofa nani atabeba?

pazia_jekundu
Tutatumia viti vya plastiki, kaka.