Kiingilio cha Venice: ni haki kumlipisha mtu anayekuja kuona uwanja?

Mleta mada: Wadau, tangu Aprili 2024 mji wa Venice, Italia, unamtoza mgeni wa kutwa euro 5 kwa siku zilizotangazwa, na mwaka 2025 aliyechelewa kulipia alitozwa 10. Napinga. Piazza San Marco, uwanja mkuu wa mji huo, ni wa umma, si makumbusho. Mnasemaje?

Mpenda Majengo: Mkuu, weka sawa kwanza. Hulipii Piazza, unalipia kuingia mji mkongwe, tena kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni tu. Anayelala hotelini mle mjini hatozwi, wala mtoto chini ya miaka 14. Wanaolalamika ni wale wa kuja na mkate kwenye begi, picha tatu, wakaondoka. Mji unapata nini kwao?

Dada Mtembezi: Kaka, hapo kwenye mkate umenigusa, maana huyo ni mimi. Nilikwenda na mama, magoti yanamsumbua. Benchi sikuona hata moja. Viti ni vya mikahawa, na bendi ikipiga unalipia muziki juu ya kahawa. Mama akaketi kwenye kingazi chini ya baraza, akafungua kitambaa chake cha mkate. Hajameza tonge la kwanza, mtu mwenye sare kamsimamia: inuka. Mama akaukunja ule mkate upesi upesi, mikono inatetemeka, kana kwamba ameuiba.

Mpenda Majengo: Pole kwa mama, lakini katazo la kukaa chini na kula pale ni la wote. Mwaka 2019 maji ya bahari yalipanda hadi sentimita 187, chumvi imeingia kwenye kuta. Ukarabati alipe nani?

Mzee wa Hoja: Chumvi na mkate vinakutana wapi? Mnara wa kengele wa pale uwanjani uliporomoka 1902 bila kukaliwa na mama wa mtu. Wakaujenga upya palepale, 1912 ukafunguliwa. Kilichowaleta watu si mawe peke yake.

Fundi Mawe: Mawe msiyadharau. Mnakumbuka wauza mahindi ya njiwa? Waliondolewa 2008, na ilikuwa sawa. Kinyesi cha njiwa kinakula marumaru, nimefanya kazi na mawe nayajua.

Mzee wa Hoja: Kwa hiyo mama wa dada yetu umemweka fungu moja na njiwa?

Fundi Mawe: Usinilishe maneno, mzee. Nimesema njiwa.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye kiingilio.

Jirani: Kiingilio hakinisumbui. Miaka ya 1950 mji mkongwe ulikuwa na watu zaidi ya 170,000, sasa hawafiki 50,000. Nyumba zimekuwa vyumba vya wageni. Mnagombania nani akae uwanjani, na wa kukaa mjini wanahama. Wenye uwanja ni wao.

Dada Mtembezi: Jirani, wenyeji hao hawana mama wenye magoti? Benchi lingewafaa wao kuliko mimi niliyekaa kutwa moja. Niambieni euro 10 zangu zitaweka benchi, nalipa leo.

Mpenda Majengo: Dada, kwenye benchi nakubali. Ila lisiwe katikati, litaziba sura ya uwanja. Liwekwe pembeni, chini ya baraza.

Dada Mtembezi: Chini ya baraza ndiko alikoinuliwa.